Skrubu Haina Masikio

Wasee, leo sina utani mwingi. Someni polepole.

Wale mmenifuata tangu mwaka jana mnakumbuka ile video. Nimesimama Kona Baridi jioni, upepo unapiga maikrofoni mpaka inalia, na mkononi nimeshika kaskrubu kadogo ka shaba. Nikasema maneno ambayo leo nayameza: "Kompyuta ni ya waoga. Dereva wa kweli anaweka busti kwa mkono wake." Video ikatembea kuliko zote nilizowahi kutoa. Mkanipigia makofi, na mimi nikavimba kichwa.

Miezi kadhaa baadaye nikapata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Rongai. Hakunitukana. Aliandika tu: "Brathe, niliweka ile kitu ulisema. Tukaenda Magadi. Tukirudi gari ikakufa kwa mlima. Ilikuwa ya mamangu." Chini akaweka picha ya pistoni. Ukingo unaoshika ringi ulikuwa umemeguka kama biskuti.

Nilikaa na hiyo picha siku nyingi. Kitu cha kwanza nilichofanya, nawaambia ukweli, ni kutafuta kisingizio. Labda hakubadilisha oili. Labda injini ilikuwa imechoka. Halafu nikaenda kwa fundi mmoja mzee hapa Kitengela, mtu ambaye hana hata simu ya kuonea video zangu, nikamwonyesha picha. Akaitazama kidogo, akanirudishia simu. "Kijana," akasema, "skrubu haina masikio."

Sikumwelewa. Ilibidi niende nikasome. Na nilichokipata ni kwamba huu ubishi wa mkono na umeme, ambao nilidhani ni wa vijana wa Subaru, una zaidi ya miaka mia moja. Na ulianzia mlimani, kama wetu.

Kwanza tuelewane

Kwa wale wageni: tabo ni feni mbili kwenye fimbo moja. Moshi wa ekzosi unazungusha feni ya kwanza. Ya pili, kwa sababu ziko pamoja, inavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, petroli inayoweza kuungua ni nyingi, na gari inaruka. Lile shinikizo la ziada ndilo tunaita busti.

Shida ni kwamba hii kitu inajilisha yenyewe. Busti zaidi inaleta moshi zaidi, moshi zaidi unazungusha feni kwa kasi zaidi, feni inaleta busti zaidi. Bila breki, inaendelea hadi kitu kivunjike. Breki yenyewe ni kijilango kinachoitwa westigeti. Kikifunguka, moshi unapita kando bila kugusa feni. Kinafunguliwa na kopo dogo lenye springi ndani, na kopo hilo linapokea hewa kupitia hosipaipu kutoka kwenye tabo. Busti ikishinda springi, mlango unafunguka. Basi.

Sasa, mtu akitaka busti kuliko ile ya kiwandani, analidanganya lile kopo. Njia ya mkono ni skrubu yenye gololi na springi, au valvu inayomwaga hewa kidogo njiani. Kopo linapata hewa pungufu, linadhani busti bado ndogo, halifungui mlango. Njia ya umeme ni solenoidi, valvu ndogo inayofunguka na kufunga mara nyingi kwa sekunde moja huku kompyuta ikiamua ni kiasi gani cha kupitisha.

Kwa hiyo wote wawili ni waongo. Tofauti ni kwamba mmoja anaweza kuacha kudanganya mambo yakiharibika. Mwingine ataendelea na uongo wake hadi mwisho.

Mlima wa kwanza

Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kutumia moshi wa injini kusukuma hewa ndani ya injini hiyohiyo. Hakuwa anafikiria mbio za magari. Alikuwa anaona tu nguvu inayopotea kwenye moshi.

Waliolichukua wazo hilo kwa haraka ni watu wa ndege, kwa sababu wao walikuwa na tatizo ambalo sisi wa Kajiado tunalo: hewa ya juu ni nyepesi. Ukipanda, shinikizo la hewa linashuka, injini inakosa pumzi. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa General Electric alibeba injini ya ndege iitwayo Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, karibu mita 4,300 juu ya bahari. Usawa wa bahari injini hiyo ilitoa kama nguvu farasi 350. Kule juu ikashuka hadi karibu 230. Akafunga tabo, ikarudi juu kidogo ya 350. Mlima ukawa umeshindwa.

Shika hapo. Kazi iliyoifanya tabo iaminiwe haikuwa kuongeza majivuno. Ilikuwa kuirudishia injini kile mlima ulichoinyang'anya. Na papo hapo swali likazaliwa: ndege ikipanda na kushuka, hewa ikibadilika kila dakika, nani atasimamia kile kijilango?

Jibu la kwanza lilikuwa mkono. Ndege za kivita za Marekani kama B-17, zilizotumika kwenye Vita vya Pili vya Dunia, zilikuwa na injini nne na tabo nne, na rubani alikuwa na wenzo wa kurekebisha busti. Chini yake kulikuwa na vidhibiti vinavyotumia oili. Sasa piga picha: uko juu sana, baridi kali, oili inakuwa nzito, vidhibiti vinachelewa, na feni ya tabo, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi, iko tayari kuzunguka kupita kiasi na kupasuka. Na mtu anakupiga risasi. Mkono mmoja, injini nne.

Ndipo kampuni ya Minneapolis-Honeywell ikaleta kidhibiti cha umeme. Ndani ya vita hivyohivyo, B-17 za baadaye zikaanza kutoka na kifundo kimoja chenye namba 0 hadi 10 kinachosimamia tabo zote nne. Kifaa kilipima shinikizo, kikasogeza vijilango chenyewe, na kikazuia feni zisizunguke kupita kiasi.

Hii ndiyo sehemu iliyonivunja ile hoja yangu ya uoga. Watu waliokabidhiwa kile kifundo hawakuwa waoga. Walikuwa marubani wa vita. Na angalieni kitu kingine: mkono haukuondolewa. Rubani bado alichagua namba. Mashine ilifanya kazi ya kuangalia na kusikiliza wakati yeye ana shughuli nyingine. Ubishi wa mkono na umeme, kwa wale waliokuwa na roho zao hatarini, uliisha kabla babu yangu hajajua kuendesha baiskeli.

Barabarani

Magari yakaja baadaye, na yakarudia kosa lilelile.

Mwaka 1962 General Motors ilitoa magari mawili ya tabo, Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ndiyo ina kisa. Injini yake ilibana hewa sana hata kabla ya tabo, kwa hiyo petroli ilikuwa tayari kujilipukia. Dawa yao ilikuwa tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yakinyunyizwa ndani kupoza hewa. Waliliita kwa jina la roketi. Wenye magari wakasahau kujaza. Wahandisi walikuwa wamelitarajia hilo, wakaweka kifaa cha kukata busti tangi likikauka. Watu wakalalamika gari haina nguvu. Kufikia mwaka uliofuata uzalishaji ulikuwa umeisha, na magari mengi yakang'olewa tabo kabisa.

Walau Jetfire ilikuwa na kitu kinachoangalia tangi. Skrubu yangu ilikuwa inaangalia nini?

Hapa lazima nieleze neno moja. Mafundi wetu wakisema gari "imenoki" wanamaanisha injini imekufa, andaa pesa. Lakini kwa wahandisi, kunoki ni kitu kinachokuja kabla ya kifo. Ni pale petroli na hewa zinajilipukia zenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu kutoka kwenye plagi. Inasikika kama mtu anagonga chuma kwa kijinyundo. Joto jingi, busti nyingi, petroli ya oktani ndogo, vyote vinaileta. Mlipuko mmoja hauui. Ikiendelea, ndiyo ile picha ya biskuti.

Jibu bora kwa hilo lilitoka Sweden. Saab walikuwa tayari wanauza gari ya tabo ya kila siku, ile 99 Turbo ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1982 wakaja na mfumo waliouita APC. Wazo ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini halikuja mapema: kwenye bloku ya injini wakafunga sensa inayosikiliza mtetemo wa kunoki. Ikisikia, kompyuta inaiambia solenoidi ipunguze busti. Ikinyamaza, busti inarudi. Ukiweka petroli mbaya, gari inapungua nguvu yenyewe badala ya kujiua. Ukiweka nzuri, inakupa zaidi.

Nilipofika hapo ndipo nikamwelewa yule mzee wa Kitengela. Aliposema skrubu haina masikio hakuwa anatunga methali. Alikuwa anaeleza mfumo wa 1982.

Na wale mtakaoniambia "lakini mbio za magari zilikuwa za mkono," ni kweli. Renault waliingiza tabo Formula One mwaka 1977 pale Silverstone, na katika miaka ya 1980 madereva walikuwa na kifundo cha busti ndani ya gari. Injini za lita 1.5 zilifika nguvu farasi zaidi ya 1,000 siku za kutafuta nafasi. Lakini injini ya siku hiyo haikutarajiwa kuishi, kesho inafungwa nyingine. Siku ya mbio yenyewe petroli ilikuwa na kipimo, lita 195 tu kwa gari kufikia 1986, kwa hiyo ukizungusha kifundo sana unaishiwa kabla ya mwisho. Na mwishowe wasimamizi wa mchezo wenyewe wakafunga valvu: baa 4 mwaka 1987, baa 2.5 mwaka 1988, na 1989 tabo ikapigwa marufuku hadi iliporudi 2014. Wewe wa Rongai huna injini ya kesho. Uko na ile ya mamako.

Huku kwetu

Sisi tabo hatukuijua kwa Subaru. Lori nyingi za dizeli zinazopanda milima yetu zina tabo, na hakuna anayezishangilia. Lakini mapenzi ya vijana yalitoka Safari Rally. Mashindano yalianza 1953, na kwa miaka mingi magari yasiyo na tabo yalitawala, kwa sababu Safari ilikuwa vita ya kuishi, haikuwa vita ya nguvu. Halafu Toyota wakaleta Celica ya tabo, wakashinda 1984, 1985 na 1986. Mwaka 1994 Mkenya, Ian Duncan, akashinda na Celica ya tabo ya magurudumu manne. Subaru Impreza ya bluu ikaja na Colin McRae akashinda 1997. Patrick Njiru naye alikuwa amefanya jina Subaru liwe la nyumbani. Wengi wetu tulizaliwa baadaye, lakini wajomba zetu walisimama vumbini huko Kajiado wakiangalia, na ugonjwa wakaturithisha.

Safari ya zamani ilikuwa kali kwa tabo kwa sababu ya ramani. Ingeweza kushuka hadi joto la pwani na kupanda hadi baridi ya nyanda za juu. Timu kubwa zilikuja na wahandisi wa kushughulikia hilo. Sisi tunakuja na skrubu.

Wakati huohuo Wajapani walikuwa wanatengeneza yale magari tunayoota. Viwanda vilikubaliana kimya kimya kutotangaza zaidi ya nguvu farasi 280, na kuanzia 1989 hadi 2004 hakuna aliyevuka kwenye karatasi. Nissan Skyline GT-R ya 1989 ilitoka kiwandani na kizuizi kidogo ndani ya hosipaipu ya busti. Ukikitoa, busti inapanda. Subaru nazo zina kitundu chembamba ndani ya hosipaipu kinachofanya kazi pamoja na solenoidi ya kompyuta. Hizo ndizo gari zilizotufikia. Sheria yetu inaruhusu mitumba isiyozidi miaka minane, na kwa miaka Impreza, Legacy na Forester za tabo zimeshuka melini Mombasa, usawa wa bahari, zikapanda hadi Nairobi zikiwa mikononi mwa watu wasioweza kusoma kitabu chake cha Kijapani.

Kitabu hicho kingewaambia jambo moja: nyingi kati ya hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake ni karibu 100. Super yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Maana yake ile sensa ya kusikiliza kunoki, ambayo kule Japani ilikuwa mlinzi wa usiku tu, hapa iko kazini mchana kutwa. Na mimi nikaja na video ya kuwafundisha namna ya kuizuia isifike mlangoni. Ukifunga skrubu ya mkono unaipita solenoidi. Kompyuta bado inasikia kunoki. Bado inaweza kuchelewesha cheche ya plagi. Lakini kupunguza busti haiwezi tena, kwa sababu umeshika mlango wewe, na wewe uko bize na video.

Hesabu ya Kona Baridi

Sasa turudi nyumbani. Kutoka Kitengela unapita Isinya, unachukua barabara ya Pipeline hadi Kiserian, halafu unapanda kidogo kwa barabara ya Magadi. Hapo juu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ndipo Kona Baridi. Jina halijakosea. Halafu ardhi inaisha. Mbele yako ni Bonde la Ufa lote, na barabara inaanguka kupitia Olepolos, Oltepesi, Olorgesailie, hadi ziwa Magadi, ambalo liko kama mita 600 tu. Ndani ya kilomita zisizofika 90 umeshuka karibu mita 1,400. Sio sehemu nyingi duniani kijana anaweza kufanya hivyo akifuata nyama choma.

Shinikizo la hewa tunalipima kwa baa (hapana, si ile ya Rongai). Pwani ni kama baa 1. Kona Baridi ni kama 0.8. Magadi ni kama 0.95.

Ile skrubu na lile kopo la springi havijui namba hizi. Vinapima tofauti tu kati ya busti na hewa ya nje. Ukiweka baa 1 ya busti ukiwa Kona Baridi, injini inapokea 0.8 jumlisha 1, yaani 1.8. Shuka Magadi bila kugusa chochote: 0.95 jumlisha 1, sasa ni 1.95. Nenda Mombasa: 2. Na geji yako ya bei rahisi? Kote huko itasema 1, kwa sababu nayo inapima tofauti tu. Unaangalia mshale umetulia, unafikiri mambo ni sawa, kumbe injini inasukumiwa shinikizo zaidi kuliko ulilolipanga. Ongeza joto la Magadi saa saba mchana, abiria wanne, kiyoyozi, na mlima mrefu wa kurudi.

Mimi niliweka yangu Kona Baridi, jioni, upepo wa baridi. Mahali pazuri kuliko pote pa kudanganyika. Injini yangu haijafa kwa sababu moja tu ya kijinga: sikuwahi kuishusha chini ya Olepolos ikiwa na ile skrubu. Yule kijana alienda hadi ziwani.

Usiniwekee maneno mdomoni

Najua mtakachosema. Ati sasa nimegeuka wakala wa kompyuta. Hapana. Niwe mkweli kwa pande zote.

Skrubu ni rahisi na haina waya. Ile ya gololi inafunga mlango kabisa hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo tabo inaamka mapema, na hiyo raha si ya uongo. Solenoidi ikiharibika ukiwa mbali, fundi chini ya mti anaweza kukuokoa nayo ufike nyumbani. Kwa gari ya mbio inayokimbia mahali pamoja, petroli moja, na mtu anayeiangalia kila mzunguko, inafanya kazi.

Na umeme nao si malaika. Kuna vidhibiti vya umeme vya kununua vyenye kifundo kizuri na taa ya bluu ambavyo vinashikilia namba uliyoweka tu. Havisikilizi kunoki hata kidogo. Hiyo ni skrubu iliyovaa suti. Halafu kuna hawa wa kuflashi kompyuta kwa faili la mtandaoni lililoandikwa kwa nchi tambarare ya pwani. Faili likisema injini ipate baa 2 kamili, Mombasa tabo inaikunja hewa mara mbili. Kona Baridi, ili ifike hiyo 2 kutoka 0.8, lazima iikunje mara mbili na nusu. Feni inazunguka kwa kasi ambayo aliyeandika hakuipanga. Ni ugonjwa uleule wa B-17. Kompyuta ya kiwandani inajua kupunguza lengo ukipanda. Faili la kuokota huenda halijui.

Kwa hiyo swali si mkono ama umeme. Swali ni: nani anasikiliza injini ukiwa umekanyaga? Kama jibu ni "hakuna", una tatizo, hata kama kifaa chako ni cha bei gani.

Muda wenyewe unaisha pia. Golf za TSI za miaka ya karibuni zinafungua westigeti kwa mota ya umeme, hakuna hosipaipu ya kudanganya. Mdogo wako huenda asijue hii skrubu ilikuwa nini. Sitaililia.

Ukisimama pale Kona Baridi unaona ile mitambo mirefu ya upepo ya Kipeto, inayozalisha umeme tangu 2021. Upepo ukizidi, mitambo inageuza mapanga yake yenyewe ili isivunjike. Nimewahi kurekodi video mbili nzima nikiwa nimeipa mgongo.

Fanya hivi

Kama uliweka ile kitu kwa sababu yangu, fanya hivi wikendi hii. Ondoa skrubu. Rudisha hosipaipu za solenoidi zilivyokuwa, na hakikisha kile kitundu chembamba hakijapotea, kwa sababu mafundi wengi hukitupa wakidhani ni uchafu. Kama unataka nguvu zaidi, mtafute mtu wa kuipanga kompyuta ya gari yako hapahapa, kwa petroli unayonunua hapahapa, na umuulize swali moja: ukishuka Magadi itakuwaje? Akicheka, toka.

Na hadi hapo, endesha na busti ya kiwandani. Inatosha kupita Probox yoyote Kiserian. Sawa, karibu yoyote.

Ile video nimeiacha, lakini nimeweka hii juu yake, ili atakayeiona aone na mwisho wake. Na yule kijana wa Rongai, tumeongea. Pesa za hiyo video, zote, zimeenda kwa injini ya mamake, na bado hazijafika nusu. Nitaendelea kulipa. Jumamosi alinipigia simu kuniambia pistoni mpya zimefika kwa fundi. Akaniuliza kama anaweza kuweka busti kidogo tu zaidi.

Nikamwambia aulize injini kwanza.